Siku ya Saba ya Sajenti Severino Okwera

Baba Padri, wazee wa ukoo, askari mlio kazini na mliostaafu, majirani zetu wa Nsambya, ndugu waombolezaji: naomba tukae. Mimi ni Docus Abalo, binti wa marehemu. Karatasi mliyopewa mlangoni ina wasifu wake ukurasa wa pili. Mimi ndiye niliyeuandika, halafu kaka yangu Okot akaupunguza ili picha zipate nafasi. Picha zimetoka vizuri. Lakini nitasoma ule wa kwanza, kama nilivyouandika. Nasoma kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha aliyoitumia kazini miaka thelathini, na ndiyo tunayosikilizana kwayo hapa sote. Gari la kumpeleka Kitgum linaondoka saa sita, kwa hiyo sitawachelewesha.

Marehemu Severino Okwera alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 huko Mucwini, Kitgum, akiwa kitinda mimba wa marehemu Mzee Otema na marehemu Mama Abalo, ambaye mimi nilirithi jina lake. Dada yake mkubwa, Shangazi Alal, yuko pale kiti cha mbele. Alikuwa na miaka kumi na miwili Baba alipozaliwa, na ndiye aliyemlea mgongoni. Anasema alikuwa mtoto mzito asiyelia, na mtu angeweza kusahau kuwa amembeba mpaka kiuno kianze kuuma.

Alisoma shule ya msingi ya misheni ya karibu na kwao, kisha akafika kidato cha pili. Aliacha mwaka 1973, babake alipofariki. Somo alilolipenda lilikuwa hesabu. Hakupenda zile kubwa za kugawanya. Alipenda kuhesabu vitu tu: ngazi, nguzo za reli, watu waliokaa benchi moja. Tabia hiyo hakuiacha.

Alijiunga na polisi tarehe 1 Juni 1981, akafanya mafunzo hapa Kampala. Tarehe 20 Agosti 1983 alifunga ndoa kanisani na Juliet Ayot, mama yetu, na Mungu akawajalia watoto wawili: Okot mwaka 1984, na mimi mwaka 1986. Kuanzia 1987 hadi 1996 alilinda selo ya kituo kidogo mpakani. Familia imeniomba nisikitaje kituo hicho, nami sitakitaja. Mwaka 1996 alihamishiwa Kampala, tukaishi kambi ya polisi hapa Nsambya mpaka alipostaafu akiwa Sajenti, tarehe 31 Mei 2011. Karatasi yenu inasema, "Alilitumikia taifa kwa uaminifu." Ni kweli. Lakini kuna askari wengi waliozikwa kwa maneno hayohayo, nami nataka mjue huyu alifanya nini.

Ile selo haikuwa na dirisha. Hakimu alikuja kwa gari, na gari lilikuja likipenda. Sheria ilikuwa na masaa yake ya kumfikisha mtu mahakamani, lakini mtu aliweza kukaa mle siku kumi, siku ishirini, akingoja kusomewa kosa. Baba alikuwa na ufunguo kiunoni bila ruhusa ya kuutumia. Alituambia kilichowavunja watu mle ndani hakikuwa njaa wala kunguni, ni kupotewa na siku. Mtu anauliza leo ni Jumanne, mwenzake anasema ni Ijumaa, wanapigana. Wengine walianza kugonga vichwa ukutani.

Basi akawapa wiki ya kitabu cha Mwanzo, ile ya uumbaji. Kila aliyeingia alianziwa wiki yake mwenyewe, tangu siku aliyofungiwa mlango. Asubuhi Baba alifungua kitundu cha mlango na kuita majina: fulani, siku ya kwanza, fulani, siku ya nne. Wa siku ya kwanza aliruhusiwa kukaa karibu na mlango ukiwa wazi ili apate mwanga. Wa siku ya tatu, ile ya nchi kavu na miti, aliletewa chungwa au jani lolote la kushika. Wa siku ya tano aliwekewa mukene, wale dagaa wakavu, kwenye posho yake ya ugali, kwa ajili ya samaki wa Mungu. Wa siku ya sita aliitwa kwa majina yake yote, la ukoo na la baba. Na wa siku ya saba hakuguswa. Hakudeki, hakumwaga ndoo, hakubebeshwa kuni za mkuu wa kituo, hata kama selo nzima ilikuwa na mtu huyo peke yake na ndoo imejaa. Siku hiyo ndoo alimwaga Baba.

Mkuu wake alikasirika. Alimwita mbele ya wenzake akamwuliza, "Wewe Okwera, hapa ni selo ama ni kanisa?"

Baba akajibu, "Ni selo, afande. Hii habari ni ya watu wa selo."

Alifungiwa wiki mbili kwa jibu hilo. Aliporudi kazini aliendelea kama kawaida, isipokuwa sasa aliita majina kwa sauti ya chini.

Mwaka 1994 alihudhuria semina ya makatekista, na padri mmoja akawaeleza kuwa wataalamu wengi wanaona habari ile ya uumbaji ilipangwa vile tunavyoisoma na watu waliokuwa uhamishoni Babeli, wametolewa kwao kwa nguvu. Baba alirudi nyumbani akiwa na furaha ambayo sijawahi kuiona tena. Alimwambia Mama, "Sasa unaona? Mimi nilijua ni barua ya mahabusu."

Tulipohamia Nsambya alifundisha watoto wa kambini katekisimu kila Jumamosi. Watoto wakiuliza Mungu aliumba dunia kwa siku sita za masaa ishirini na manne kweli, aliwaambia hayo wakamwulize mwalimu wa sayansi, yeye hakuwepo. Kwake habari ile haikuandikwa kueleza dunia ilichukua muda gani. Iliandikwa ili mtu aliyefungwa ajue mambo mawili. La kwanza, kwamba jua na mwezi, ambavyo mabwana wa Babeli walivisujudia, ni taa tu zilizowekwa na Mungu siku ya nne, na hakuna sababu ya kuziogopa. La pili nitalisema polepole, kwa sababu nilichukua miaka mingi kulielewa. Mtu aliumbwa siku ya sita. Siku yake ya kwanza nzima duniani ilikuwa ya mapumziko. Alipumzika kabla hajashika jembe. Kwa hiyo, alisema Baba, mapumziko hayakuja kama malipo ya kazi. Mtu alipewa kwanza, kazi ikafuata.

Mama yetu alimjaribu kwa maneno yake mwenyewe. Mwaka 1985, mimi sijazaliwa, Baba alikuwa amekaa kivulini Jumapili akimweleza jirani uzuri wa siku ya saba, na Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Kwenye hiyo siku yako ya saba," akasema, "chakula kinajipika?" Jumapili iliyofuata Baba aliingia jikoni mwenyewe, na tangu hapo mpaka Mama alipofariki tarehe 9 Februari 2009, kila Jumapili alipika Baba. Posho yake ilikuwa na mabonge, na kambi nzima ilimcheka. Wengine mlimcheka nanyi mko hapa. Mama alikaa nje na miguu yake imenyooka, akala mabonge yale yote.

Sasa nafika kwenye ugonjwa. Karatasi yenu inasema, "Aliugua kwa muda mrefu na kutunzwa na familia." Familia ni mimi.

Tarehe 2 Septemba 2019 Baba alipatwa na kiharusi. Upande wote wa kulia ulikufa, na sauti ikaenda. Wakati huo nilikuwa na chumba cha kushona Ntinda, cherehani mbili, na kazi ya kushona sare za shule mbili. Kikao cha familia kilikaa. Okot ana kazi Juba na ana watoto. Mimi sina mume na sina mtoto. Ikasemwa, "Docus hana mtu, atakaa na mzee kwa muda." Simlaumu aliyesema. Nilikubali mwenyewe, kwa mdomo wangu, na nilidhani muda ni miezi mitatu. Alhamisi tarehe 26 Septemba tulimtoa hospitali, nikafunga chumba cha Ntinda, nikahamia nyumba ya vyumba viwili chini ya kilima hiki.

Kumgeuza, kumwosha, kumlisha kwa kijiko, kufua, kumgeuza tena. Ukitoka kununua sabuni unakimbia, kwa sababu akikohoa hakuna wa kumwinua. Mwaka uliofuata ukaja ule ugonjwa wa dunia nzima, barabara zikafungwa, na hata wale wachache waliokuwa wakija kutuona wakaacha. Nilimpenda baba yangu, na kuna siku nilisimama mlangoni nikaona geti la nje na sikuweza kulifikia. Nayasema yote mawili kwa sababu yote mawili ni kweli.

Halafu akaanza kunikataa. Wiki ya nane hivi tangu atoke hospitali, niliona siku ya Jumatano amefunga mdomo. Uji hataki, maji anakunywa kidogo sana, nikimshika kumwosha anakaza ule mkono mzima wa kushoto ananisukuma. Jua likizama na taa ikiwashwa, anafungua mdomo anakula kama kawaida. Alhamisi ni mtu mwingine. Jumatano ijayo, tena. Daktari mmoja alidhani ni dawa ya Jumanne, akaibadilisha. Watu wa maombi walikuja na mafuta, wakasema kuna roho ya Jumatano. Okot alinipigia simu kutoka Juba akasema, "Mbembeleze." Nilimbembeleza miaka miwili. Siku moja sikumbembeleza. Nilimlazimisha kwa kijiko na mdomo ukatoka damu, naye akanitazama tu. Nimeliandika hili kwa sababu sitaki lizikwe naye.

Niliamini ananichukia. Mtu mwenye mkono mmoja na jicho moja zima, akachagua kuvitumia kunifukuza.

Mwaka 2022, Jumatano tarehe 16 Machi, Baba alitembelewa na Haji Nasser, ambaye ana duka la vitambaa mjini na ambaye sikuwahi kumfahamu. Alikuja na mkewe, Mama Ruqayya, na kibakuli cha uji wa mchele. Nikawaambia wasijisumbue, Jumatano mzee hali chochote. Haji akachota kijiko, Baba akafungua mdomo. Akala kibakuli chote. Mimi niliingia jikoni nikalia, na sikulia kwa furaha.

Mama Ruqayya alinifuata. Nikamweleza. Haji akasikia kutoka chumbani, akaniita.

"Binti yangu, mzee alitoka hospitali siku gani?"

"Alhamisi."

"Na wewe ulianza kumwuguza siku hiyohiyo?"

"Siku hiyohiyo."

Akahesabu kwa vidole, Alhamisi, Ijumaa, mpaka akafika kidole cha saba. Kisha akakaa chini kwenye mkeka, mtu mzima na kofia yake, akafunika uso.

Haji Nasser alikuwa mfungwa wa Baba. Mwaka 1991 alikamatwa mpakani kwa mzigo ambao haukuwa wake, akakaa mle selo siku kumi na tisa mpaka hakimu alipomwachia. Aliniambia kwamba siku yake ya saba ya kwanza Baba alimwaga ndoo, naye akamtania kupitia kitundu: "Afande, hata sisi tunayo hiyo habari ya siku sita. Lakini Mungu wetu hakuchoka." Na Baba akamjibu, "Hata wetu hakuchoka, Nasser. Alisimama ili na wengine wasimame."

Haji akaniambia, "Mzee hakukatai. Anakuhesabia. Siku uliyoingia humu ndiyo siku yako ya kwanza. Jumatano ni ya saba yako, naye hana njia nyingine ya kukukataza kazi ila kufunga mdomo."

Nilikwenda kwa Baba nikamwuliza kama ndivyo. Hakuweza kutikisa kichwa. Jicho lake la kushoto lilitoa machozi, na ule mkono ukanisukuma, polepole, kuelekea mlangoni.

Nilikuwa nimemlisha kwa nguvu mtu aliyekuwa akishinda na njaa kila wiki ili mimi nipumzike. Hilo bado sijui pa kuliweka.

Tangu siku hiyo Mama Ruqayya alikuja kila Jumatano, naye Baba akala kwake bila shida. Nami nikatoka. Jumatano ya kwanza sikujua pa kwenda, nikazunguka soko la Bugolobi mara tatu na sikununua hata nyanya. Baadaye nilizoea kwenda Ntinda, kwenye kile chumba changu cha zamani. Sasa anashona Marie-Jeanne, fundi kutoka Kongo, ambaye alinipa stuli na chai na hakuniuliza kitu. Simu niliiacha nyumbani. Nilikaa nikisikiliza cherehani ya mtu mwingine. Siku nyingine sita nilikuwa ndani kama zamani, kufuli ni lilelile. Lakini nilijua ni siku ya ngapi.

Sajenti Mstaafu Severino Okwera alifariki Jumatano tarehe 5 Novemba 2025, saa nane mchana, nyumbani, akiwa na Mama Ruqayya. Sikuwepo. Nimewasikia wanaonong'ona, tangu matangani mpaka asubuhi hii, kwamba mzee alikata roho bintiye akiwa matembezini. Ni kweli nilikuwa Ntinda, kwenye stuli, sifanyi lolote. Mama Ruqayya anasema alimaliza uji wote, kisha akageuza jicho mlangoni, akalirudisha kwake, kama anayeuliza. Mama Ruqayya akamwambia, "Ameondoka, baba. Yuko nje." Ndipo Baba akalifumba. Nilipohesabu niliona ilikuwa siku ya saba ya wiki ya mia tatu na kumi na tisa tangu tumtoe hospitali. Hata siku moja haikuzidi, wala haikupungua.

Ameacha dada mmoja, Alal. Watoto wawili, Okot na mimi Docus. Na wajukuu watatu. Ameacha pia Haji Nasser na Mama Ruqayya, ambao hawamo kwenye orodha iliyochapishwa. Naomba mwenye kalamu awaongeze.

Nimebakiza jambo moja, wazee mnivumilie. Juzi alasiri kikao kilikaa tena. Nyumba ya Nsambya inarudishwa kwa mwenyewe mwisho wa mwezi. Mimi ninakwenda Kitgum na jeneza, na nitabaki huko kumtunza Shangazi Alal, kwa sababu nyonga zake zimekwisha na kwa sababu Docus hana mtu, na amezoea. Nilikuwa kwenye kikao hicho. Nilikuwa nikigawa chakula. Ikasemwa, kwa muda.

Jana nilimpelekea Shangazi chai nikamweleza, maana nilifikiri yeye ndiye aliyeomba. Shangazi alikuwa mke wa askari, na Kiswahili chake ni cha kambini. Akaniambia, "Mimi nani aliniuliza? Wananipatia wewe kama vile wanagawa blanketi. Sikia. Kama watakuleta kwangu bila siku yako, mimi pia nafunga mdomo."

Kaka yangu Okot, nakuheshimu, na najua unavyompenda Baba. Nakuomba mbele ya watu hawa uniambie hiyo "kwa muda" ni siku ngapi. Baba aliwahesabia hata wezi wa ng'ombe. Hakuwa na uwezo wa kumfungulia mtu hata mmoja, na hakuna aliyelala kwenye ile selo bila kujua siku yake. Sitaki jibu sasa hivi. Nitapanda gari na kumsindikiza mpaka kaburini kama mtoto wake, na jibu nitalingoja huko.

Lakini tangu Alhamisi iliyopita nimepika, nimepakua, nimeosha sahani za matanga, siku sita bila kukaa. Leo ni Jumatano.

Baba yetu amemaliza wiki zake zote. Apumzike, hakuna wa kumwita tena kazini. Nami naketi hapa kando ya jeneza lake. Chai iko kwenye zile chupa kubwa karibu na mlango. Naomba leo aimimine mtu mwingine.